Chasisi kabla ya rangi

*Ukarabati wa Land Rover ya zamani iliyoliwa na kutu unawezekana nyumbani, lakini usalama wa watakaoipanda huamuliwa na chuma kisichoonekana*

Land Rover ya miaka ya 1970 inapoachwa uani kwa muda mrefu katika mji wa pwani kama Tanga, Bagamoyo au Mombasa, bodi yake hubaki na umbo linaloweza kumshawishi mnunuzi kwamba kinachohitajika ni rangi mpya na matairi tu, ilhali chini ya sakafu fremu inayobeba injini, ekseli na abiria huenda imeoza kiasi kwamba bisibisi inaweza kuipenya kwa nguvu ya mkono mmoja.

Fremu hiyo ndiyo chasisi, na hapo ndipo lilipo tatizo kuu la wamiliki wanaotaka kulifufua gari la aina hiyo nyumbani. Fedha huanza kutumika mahali panapoonekana, yaani kwenye rangi, viti, taa na puti, ule uji mzito unaochanganywa na kigumishi ili kusawazisha mabonde ya bodi, na kazi inapofika kwenye chasisi mfuko umeshakauka, hivyo matundu hufunikwa kwa vipande vya bati vilivyochomelewa juu ya kutu na kupakwa rangi nyeusi.

Gari linalotoka katika ukarabati wa namna hiyo hupendeza kuliko lilivyoingia, lakini ni la hatari zaidi, kwa sababu udhaifu uliokuwa ukionekana kwa macho sasa umefichwa.

Bodi ya alumini, mifupa ya chuma

Chanzo cha hali hiyo ni historia ya gari lenyewe. Land Rover ilizinduliwa katika maonyesho ya magari ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, wakati ambapo Uingereza ilikuwa bado ikigawa chuma kwa mgawo kutokana na uhaba uliofuata Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover aliyelibuni gari hilo akisaidiana na ndugu yake Spencer, alichagua bodi ya Birmabright, aloi ya alumini na magnesiamu ambayo haikuwa adimu kama chuma na ambayo haipati kutu nyekundu.

Chasisi, hata hivyo, ilibidi iwe ya chuma. Ilitengenezwa kwa bamba bapa zilizochomelewa pembeni hadi zikaunda mhimili wenye uwazi ndani, mfano wa boksi refu, na mpangilio huo uliipa nguvu ya kustahimili njia mbovu bila kuwa na uzito mkubwa. Uwazi huohuo ndio uliokuja kuwa maradhi yake, kwa kuwa maji na matope yakishaingia ndani hayana njia rahisi ya kutoka, na rangi ya kiwandani haikuufikia kila upenyo wa ndani.

Muundo huo uliendelea katika matoleo yaliyofuata: Series II ya mwaka 1958, Series IIA ya 1961 na Series III iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, ambayo ndiyo inayopatikana zaidi katika nyua za Afrika Mashariki, hasa ile inayoitwa 109 kwa sababu umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni inchi 109. Mengine kati ya magari hayo yaliunganishwa hapahapa, katika kiwanda cha Leyland Kenya mjini Thika, nayo yakatumika polisi, hospitali za misheni, mashamba makubwa na hifadhi za wanyama.

Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 40, iliyotengenezwa kati ya 1960 na 1984, ina hali iliyo karibu na kinyume cha hiyo, kwani bodi yake yote ni ya chuma na kutu huanza kujitangaza kwenye mifereji ya paa na pembe za nyuma, mahali ambapo mwenye gari huiona mapema. Land Rover haimpi mmiliki wake onyo la namna hiyo.

> *Bodi ya alumini haitangazi kinachotokea chini yake.*

Jinsi kutu inavyokula

Kutu ni matokeo ya chuma kukutana na oksijeni na maji kwa pamoja, ambapo sehemu moja ya chuma huachia chembe ndogo za umeme ziitwazo elektroni na sehemu nyingine huzipokea, mithili ya betri ndogo sana inayofanya kazi mchana na usiku. Chumvi huongeza uwezo wa maji kupitisha umeme huo, na ndiyo maana upepo wa bahari hulila gari haraka kuliko hewa kavu ya Dodoma au Garissa.

Kutu pia huchukua nafasi kubwa zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa, hivyo inapozaliwa kati ya bamba mbili zilizobanana huzisukuma hadi zikavimba na kuachana. Uvimbe kwenye maungio ya chasisi una maana kwamba kazi ya uharibifu imekwisha kufanyika ndani, hata kama rangi ya juu haijapasuka.

Alumini nayo haikusalimika kabisa. Inapogusana na chuma penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa kwanza, na matokeo yake ni unga mweupe unaoonekana kuzunguka bolti na kingo za milango. Fundi makini hutenganisha metali hizo mbili kwa kipande cha mpira, rangi yenye zinki au mkanda maalumu kabla ya kurudisha bolti.

Sehemu zinazoharibika zaidi zinajulikana. Ya kwanza ni boriti ya nyuma inayopokea matope ya magurudumu. Kisha kuna mikono ya pembeni inayotokeza kutoka kwenye chasisi ili kuushika mwili wa gari, vishikio vya springi, na kiambaza, yaani ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Kiambaza kinastahili uangalifu wa pekee kwa kuwa bawaba za milango, pedali za breki na nguzo ya usukani vyote hutegemea hapo, na sehemu yake ya chini, miguu ya dereva inapokaa, huoza kwa maji yanayovuja kutoka kwenye kioo cha mbele na kunywewa na zulia.

Nyundo, bisibisi na utepe

Uchunguzi hauhitaji mashine ya gharama. Gari huinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya vigingi imara vya chuma, kamwe si juu ya matofali ambayo hupasuka ghafla, kisha chasisi huoshwa hadi matope yaishe na kugongwa kwa nyundo ndogo kwa urefu wake wote. Chuma kizima hulia kwa sauti kali inayosikika mbali, na kilichooza hutoa sauti butu. Pale sauti inapobadilika, bisibisi husukumwa kwa nguvu, na ikipenya, mpaka wa ubovu huwekewa alama ya chaki hadi mahali inapokataa kupenya tena.

Baada ya hapo hupimwa mishazari, yaani urefu wa utepe kutoka alama ya mbele kushoto hadi alama ya nyuma kulia, na kutoka mbele kulia hadi nyuma kushoto. Vipimo viwili visipolingana, chasisi imepinda, pengine kwa ajali ya zamani ambayo muuzaji hakuitaja, na kuichomelea ikiwa hivyo ni kuugandisha upotofu wake.

Vipimo na picha nyingi hupaswa kuwekwa kabla ya bolti ya kwanza kufunguliwa. Kazi ya nyumbani hukatizwa na msimu wa mvua, ada za shule au safari, na mtu anayerudi kwenye rundo la nyaya na mabomba baada ya miezi hawezi kutegemea kumbukumbu.

Kukata hadi chuma kizima

Kanuni ya kwanza ya kuziba tundu la chasisi ni kukata ubovu wote kwa grainda hadi chuma kinachong'aa, hata kama tundu la ukubwa wa sarafu litaishia kuwa dirisha la ukubwa wa kiganja. Kiraka kilichochomelewa juu ya kutu hakina cha kushika, kwa kuwa chuma chembamba cha pembeni huungua moto unapokaribia, na kutu iliyofungiwa ndani huendelea kula ikiwa imejificha.

Bamba la kiraka halipaswi kuwa nene kupita kiasi. Chasisi ya Series ina unene wa takriban milimita 2, na anayeweka bamba la milimita 5 akidhani anaongeza nguvu huifanya sehemu hiyo kuwa ngumu kuliko jirani zake, hivyo mtikisiko wa barabara hukusanyika kwenye kingo za kiraka na ufa hutokea hapohapo. Inatosha kutumia bamba la unene uleule au unaozidi kidogo, lenye pembe za mviringo, huku mstari wa kuchomelea ukiepuka kukata chasisi wima moja kwa moja kutoka juu hadi chini.

Mashine inayofaa zaidi ni ile inayolisha waya wenyewe huku ikipuliza gesi ya kulinda chuma kilichoyeyuka, kwa sababu moto wake hudhibitika kwa urahisi kwenye bamba jembamba. Mashine ya fimbo, iliyo ya kawaida katika karakana nyingi za Gerezani jijini Dar es Salaam na za jua kali nchini Kenya, inaweza kufanya kazi hiyo mikononi mwa fundi hodari, ingawa kosa dogo hutoboa bamba. Vyovyote iwavyo, nukta za kushikilia hutangulia pande zote, kisha mstari huchomelewa kipande kwa kipande kwa kubadilisha upande, ili joto lisiivute chasisi na kuipinda.

Anayebadilisha sehemu ya chini ya kiambaza hana budi kuchomelea kwanza vyuma vya muda kutoka nguzo moja ya mlango hadi nyingine, kwa kuwa kiambaza kilichokatwa bila kushikiliwa husogea kidogo tu, na kidogo hicho hutosha kufanya milango isifunge tena. Kazi hii ndiyo ngumu kuliko zote katika gari zima, na mmiliki asiye na uzoefu hatakosea akimwita mchomeleaji mwenye sifa hata kama mengine yote ameyafanya mwenyewe.

> *Mmiliki anaweza kufungua, kusafisha, kupima na kupaka. Kuchomelea chasisi ni kazi ya mkono uliofundwa.*

Magadi, molasi na oili chafu

Vifaa vidogo kama vishikio, bawaba na mabano husafishwa vizuri nyumbani kwa umeme. Kifaa hutumbukizwa katika beseni la plastiki lenye maji yaliyokorogwa magadi, huunganishwa na ncha hasi ya chaja ya betri, na kipande cha chuma cha kawaida huwekwa kando kikiwa kimeunganishwa na ncha chanya, ambapo kutu huachia taratibu bila kukila chuma kizima. Magadi ya Ziwa Magadi na Ziwa Natron, ambayo huuzwa sokoni kwa ajili ya jikoni, yanatosha kwa kazi hiyo.

Masharti ya njia hiyo hayavunjwi. Gesi ya hidrojeni inayotoka hulipuka, hivyo kazi hufanyika nje penye hewa. Kipande cha upande chanya kisiwe cha chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa hutoa kemikali za kromiamu zenye sumu kali. Na alumini isitumbukizwe kamwe, kwani magadi huila.

Njia nyingine ni molasi, ule urojo mweusi unaobaki viwandani baada ya kutengeneza sukari, ambayo huchanganywa sehemu 1 kwa sehemu 9 hivi za maji na kuachwa na kifaa ndani kwa siku kadhaa hadi wiki kadhaa. Harufu yake ni mbaya na mwendo wake ni wa polepole, lakini haihitaji umeme, na inafika kwenye vipenyo ambavyo brashi ya waya haifiki.

Baada ya chuma kuwa safi hupakwa praima yenye zinki siku hiyohiyo, kwa maana unyevu wa usiku mmoja wa pwani hutosha kurudisha wekundu, kisha rangi ya juu, na mwishoni nta ya kuzuia kutu hupulizwa ndani ya boksi la chasisi kupitia matundu yake ya kutolea maji, ambayo kwanza lazima yazibuliwe. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoamua kama kazi itadumu.

Desturi ya kupaka oili chafu ya injini chini ya gari inapaswa kuachwa. Oili hiyo hulainisha bushi za mpira, hukusanya vumbi linaloshika maji, na hutiririka ardhini penye visima na bustani.

Kiraka au chasisi mpya

Wanaopinga viraka wana hoja nzito. Nchini Uingereza zipo karakana zinazotengeneza chasisi mpya za Land Rover na kuzichovya katika zinki iliyoyeyushwa kwa joto la takriban nyuzi 450 za Selsiasi, na zinki hiyo hulinda ndani na nje kwa kujitoa mhanga yenyewe kabla ya chuma. Kwao, chasisi yenye viraka zaidi ya vitano ni kupoteza fedha kidogokidogo.

Upande wa pili hujibu kwamba gharama ya kuisafirisha chasisi hiyo hadi Mombasa au Dar es Salaam, pamoja na ushuru, inaweza kupita thamani ya gari lenyewe, na kwamba kuihamisha bodi yote, injini na ekseli kutoka fremu moja hadi nyingine ni kazi inayohitaji nafasi, winchi na watu, vitu ambavyo ua wa nyumba ya kawaida hauna.

Kuna pia suala la utambulisho. Namba ya chasisi ya Series huchongwa kwenye chuma chenyewe, karibu na kishikio cha springi ya mbele upande wa kulia, ambapo grainda isiyo makini inaweza kuifuta na kuliacha gari bila uthibitisho wa usajili wake. Uingereza kwa miaka mingi ilipima suala hilo kwa pointi: gari lililofanyiwa mabadiliko makubwa lilihitaji pointi 8 ili kubaki na namba yake ya asili, na chasisi peke yake ilibeba 5, huku injini ikibeba 1 tu.

Mizania hiyo ya 5 kwa 1 inasaidia kuupima mvutano mwingine unaosikika sana Afrika Mashariki, ule wa kuondoa injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 na kuweka ya dizeli ya Kijapani. Wapenzi wa uasili huona hilo kama uharibifu wa urithi. Mwenye kubeba ndizi kutoka mlimani huona kwamba injini ya asili inamnyima chakula kwa unywaji wake wa mafuta, na hoja yake ni ya haki. Lililo la lazima ni kwamba nguvu mpya iendane na breki na shafti za ekseli, ambazo katika Series zinajulikana kwa kukatika, na kwamba mamlaka ya usajili ipewe taarifa ya injini mpya.

Uani si gereji

Kazi hii ina hatari ambazo gereji nzuri huzidhibiti na ua hauzidhibiti. Tangi la mafuta, ambalo katika matoleo mengi hukaa chini ya kiti cha mbele, lazima litolewe kabla ya kuchomelea, nalo ni la hatari zaidi likiwa tupu, kwa kuwa mvuke uliobaki ndio unaolipuka. Waya za betri hufunguliwa, na ndoo ya mchanga huwekwa karibu.

Vumbi la breki na klachi za zamani huenda lina asbesto, madini ya nyuzi yanayosababisha saratani ya mapafu, hivyo hulowanishwa na kufutwa, wala halipulizwi kwa kompresa. Moshi wa chuma chenye zinki nao huleta, saa chache baadaye, homa na baridi vinavyofanana na malaria, na mchomeleaji anayeugua jioni baada ya kazi hiyo anapaswa kumweleza mganga alichokuwa akichomelea.

Mabomba ya breki hayakarabatiwi, hubadilishwa. Magari mengi ya umri huo yana mfumo mmoja wa breki, maana yake bomba moja likipasuka kwa kutu magurudumu yote manne hubaki bila breki, na hakuna sababu ya uasili wala ya gharama inayoweza kuhalalisha kuliacha bomba la zamani.

Utengenezaji wa Defender ya awali, mrithi wa moja kwa moja wa magari haya, ulikoma mjini Solihull tarehe 29 Januari 2016, na Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika yenye umri unaozidi miaka 8, kwa hiyo Land Rover za zamani zilizopo ndizo akiba karibu yote. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilionyesha jinsi akiba hiyo inavyopendwa.

Mapenzi hayo yanahitaji ujuzi. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi nchini Tanzania, na vyuo vya ufundi vya Kenya vinafundisha uchomeleaji na umakanika. Vinaombwa kuongeza kozi fupi ya ukarabati wa chasisi kwa wamiliki na mafundi wa mitaani. Wakaguzi wa magari barabarani nao wanaombwa wainame na kugonga chuma cha chini kabla ya kutazama rangi. Na kwa anayetaka kununua Land Rover kuukuu wiki hii, nyundo ndogo na bisibisi vitangulie mfukoni kabla ya fedha.